"Nyumba Ikiisha Nakulipa": Tata Anasema Bado Haijaisha

Admin, ficha jina langu kabisa, maana hapa Ruiru wananijua kwa usafi wa kazi na sitaki mashabiki wangu walie. Nina miaka ishirini na nne, ni fundi wa tiles. Shule niliacha form two, baada ya mimi na mwalimu wa hesabu kukubaliana kwamba hakuna anayemsaidia mwenzake. Lakini mwaga maji kwa bafu niliyotengeneza mimi uone: yanaenda kwa shimo yenyewe bila kuuliza njia. Wasomi wengine hapa mnaoga ndani ya ziwa na hamsemi.

Kuna mama mmoja huko Landless, Thika. Namwita tata, yaani shangazi, ingawa si wa damu. Yeye na mathe, mama yangu mzazi, wako chama moja ya akina mama tangu nikiwa na kamasi. Miezi michache iliyopita akaamua nyumba yake ya zamani inataka sura mpya, sebule, jikoni na bafu, akaniita. Nikaenda hadi nywele nimechana.

Mimi nina sheria yangu. Nusu ya pesa kabla nifungue begi, robo jikoni ikiisha, robo ya mwisho nikikabidhi kazi. Vifaa ananunua mwenye nyumba. Nikamwambia hivyo, na heshima yote. Huyo mama alicheka mpaka akashika ukuta.

"Haiya! Wewe nimekuosha makalio, leo unaniitisha deposit?"

"Tata, huo ni utaratibu wa kazi tu."

"Utaratibu ni wa wageni. Wewe ni mtoto wangu. Nyumba ikiisha, unapewa pesa yako yote mara moja, ukaoe."

Nikasema, "Sawa tata, nyumba ikiisha." Mimi! Hii mdomo yangu inajulikana mpaka Witeithie, na ilikubali bila kubishana. Gundi ya tiles ilipoisha akaniambia, "Chukua huko kwenu kwa mkopo, tutahesabu mwisho." Nikachukua kwa jamaa wa hardware hapa Ruiru, kwa jina langu.

Kazi niliifanya, wacha nijisifu. Majirani walikuwa wanavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Tata mwenyewe alikuwa anatembea miguu tupu kutoka sebule mpaka jikoni akicheka peke yake. Nikapanguza grauti ya mwisho, ile ya kuziba nafasi kati ya tiles, nikanawa, nikamwambia, "Tata, nyumba imeisha."

"Imeisha aje?" akaniuliza. "Nyumba haijaisha mpaka iombewe."

Nikadhani ni mzaha. Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Pastor akuje, apake milango mafuta, watu wale, ndio tuseme nyumba imeisha. Si tuliongea hivyo? Ama si wewe ulikubali?"

Na ni kweli nilikubali! Ningesema "kazi ikiisha" saa hii singekuwa nawaandikia. Neno moja tu, watu wangu, limenifunga kama mbuzi.

Nikangoja. Pastor akawa amesafiri. Aliporudi, ikawa lazima tungojee kijana wa tata aliye majuu. Kijana akafika, ikawa pazia hazijashonwa. Jamaa wa hardware naye hangojei pazia za mtu. Alikuja kwangu asubuhi akabeba mashine yangu ya kukata tiles, akasema nitaiona nikilipa gundi. Tangu hapo kazi zinanipita. Juzi nimekataa jikoni nzima hapa Ruiru. Ningeenda kukata tiles na nini, meno?

Nikamwambia mathe. Akaniangalia kama mimi ndiye mwizi. "Vumilia, tata yako hawezi kula jasho lako. Na usithubutu kuniaibisha mbele ya chama."

Sasa sikieni kitu ilinifanya nishindwe kulala. Jana nimewekwa kwa group ya WhatsApp ya maombi ya hiyo nyumba, ni Jumamosi hii. Tata ameandika kila mtu aje na kitu ya kubariki nyumba. Halafu akanitumia voice note mimi peke yangu: "Wewe usikuje mkono mtupu, wewe ni mtoto wa hapa. Na ukuje mapema utupangie viti."

Viti! Mtu amefanya mashine yangu ibebwe, amekalia jasho langu, na bado anataka nimpangie viti!

Nikamuuliza, "Tata, na ile pesa yangu?"

Akajibu, "Hiyo tutaongea wageni wakienda." Tutaongea! Sio tutalipa. Sasa hivi maneno yake nayapima na pimamaji, kama sakafu.

Nishaurini, lakini msiniambie mambo ya kuvumilia, hiyo mathe amemaliza. Niende nipange viti, nimeze, nisubiri wageni waende? Ama pastor akiuliza kama kuna mwenye neno, nisimame mbele ya chama yote niulize ni lini fundi naye ataombewa? Mathe ameapa nikifanya hivyo nisimwite mama tena. Lakini mkono mtupu siendi. Nyundo iko kwa begi, na ile tile ya kwanza pale mlangoni, vile nilivyoibandika ndivyo najua kuibandua.