Kifunguo Ndani ya Rimoti

Jumapili tukitoka kanisani pale Kathonzweni, mtoto wangu akashikwa na pumu, na inhela yake ya kuvuta dawa iko ndani ya gari lililofungwa. Nabonyeza rimoti, kimya, nabonyeza tena, betri ya gari imekufa! Wanaume wamenizunguka.

“Mama, bwana yako ako wapi?” akauliza mmoja, jiwe mkononi. “Ama nivunje kioo?”

“Weka hilo jiwe chini!”

Nikachomoa kifunguo cha chuma kinachokaa ndani ya rimoti, nikakitia kwenye tundu la mlango, ukafunguka. Mtoto akavuta dawa, akapumua.

“Aiya! Bwana yako ndiye alikufundisha?” akauliza yule wa jiwe.

“Bwana yangu ndiye alivunja kioo mwaka jana.”

Wasomaji, niliogopa, sikatai. Lakini niliogopa huku nikifungua.