Taa Niliyoifunika

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa karakana ya kampuni ya migodi hapa Likasi hakunipa spana. Alinipa bisibisi ndefu, akaniambia niweke ncha yake juu ya injini ya gari la mkurugenzi na mpini wake sikioni.

“Weye, sikia motere kwanza. Mwenye motokari anaweza kukudanganya, motere haiwezi.”

Gari lile la zamani ndilo lililonifundisha kazi. Petroli na hewa vilichanganyika kwenye kabureta, kidude cha chuma ulichoweza kukifungua na kukipuliza kwa mdomo. Kila ugonjwa ulikuwa na sauti yake. Taa za dashibodi ndizo zilizotusumbua, maana nyaya ziliharibika kwa joto na taa zikawaka bila sababu. Tulizifunika kwa utepe mweusi na kuamini masikio. Nilihamishiwa machimbo ya chokaa ya Kakontwe, kisha Kamatanda, ambako injinia mkuu alinifanya msimamizi. Kote nilisifiwa kwa sikio langu, na nakiri sifa zilinilevya. Gari lile la mkurugenzi lilipochakaa, kampuni iliniachia liwe langu.

Nilipofungua karakana yangu mwenyewe, vigari vidogo vya kisasa vilikuwa vimejaa mjini. Ndani yake mna kompyuta, na taa ikiwaka ina sababu. Maman Ngalula, mjane aliyepeleka mikate Kakontwe, alileta chake kikiwa na taa nyekundu ya oili. Nilisikiliza injini: tulivu kabisa. Nikabandika utepe juu ya taa.

“Papa, hakuna mambo?”

“Enda, Maman. Hii taa iko inasumbua bure.”

Siku ya tatu walikivuta kwa kamba hadi mlangoni pangu. Oili haikuwa ikipanda, na injini ilikuwa imekwama ikafa. Yeye alilaumu petroli mbaya ya barabarani. Ningeweza kuubandua utepe kimya kimya, na mkono wangu ulikwisha kuufikia. Nikaurudisha mkono.

“Maman, haiko petroli iliua motere. Ni minye nilikosea. Ile taa ilikuwa inasema kweli.”

Alikaa juu ya kreti tupu. “Papa, ile motokari ndiyo inalishaka batoto yangu.”

Nilimpa ufunguo wa gari langu la zamani. Lilimshinda, kwa kuwa gia zake zinataka ukanyage klachi mara mbili. Basi kila asubuhi nilimwendeshea mwenyewe, mikate kwenye kiti cha nyuma, wazee wenzangu wakinitania kwamba nimekuwa mwoka mikate: “Chef amekuwa boulanger!” Nilicheka nao, lakini aibu ilinikaa rohoni.

Injini nyingine ilipopatikana, nilisafisha vyombo vyangu vyote, tayari kuifunga. Kumbe Maman alikwisha kumpa kazi hiyo fundi mwingine, anayepima kwa kompyuta. Alikuja mwenyewe kunishukuru.

“Papa, umechoka. Pumzika sasa.”

Alisema kwa upole, na upole huo uliniuma kuliko tusi. Jioni hiyo nilifunga karakana moja kwa moja. Watu hudhani nilistaafu kwa sababu ya umri. Ninyi mnaoanza kazi, nimetaka mjue kwamba si kweli: ni kwa sababu ya taa ile niliyoifunika.