Mpika Udi wa Mtongwe na Simu ya Mwarandu

Mwanamisi binti Mbarak bin Khamis, mzaliwa wa Mtongwe, mpika udi. Babu yake Khamis ndiye aliyechimba kisima cha nyuma ya msikiti, akakataa kisima kile kiitwe kwa jina lake. Babake Mbarak alipima viungo katika duka moja kule mjini, na wanunuzi walikuwa wakimpisha karani mwingine, wakangoja mizani ishikwe na mkono wake. Nyanya yake mzaa mama alikuwa kungwi. Aliwafunda wari, mabinti waliovunja ungo, wa Likoni nzima, akaingia kaburini na siri zao zote, hakuna hata moja iliyodondoka njiani. Huko ndiko alikotoka Bi Mwanamisi. Nayasema haya mapema kwa sababu walioliharibu jina lake wengine hawakujua lilikotoka, na wengine walijua, wakaliharibu vivyo hivyo.

Mimi nilikuwa jirani yake mlango kwa mlango, na sandali yake mimi ndiye niliyeitwanga. Yeye alishika sufuria. Sukari na marashi ya mawaridi huchemshwa mpaka yaanze kunata, ndipo sandali na vijiti vya udi vilivyotwangwa vikaingia, kisha ambari, kisha miski. Sukari ile haitaki mtu wa kugeuka nyuma. Ukiitupia mgongo imeungua, na udi unaonuka sukari iliyoungua haumpeleki bibi arusi popote.

Miaka ile ya themanini wanawake wetu wengi walikuwa wameolewa Maskati, Dubai na Jeddah, na udi wa huko, ijapokuwa ndiko udi unakosifika, ulikuwa hauwatoshi. Walitaka wa Mtongwe. Kuandika wengine hawakujua, na waliojua hawakupenda, kwa kuwa barua hupitia mikono mingi. Basi waliongea ndani ya kaseti. Kaseti ikafungwa ndani ya leso, ikapewa mtu wa safari anayeaminika, ikafika baada ya wiki, na pengine baada ya miezi.

Bi Mwanamisi alikuwa akiweka komeo, akaketi kitandani, akaishusha sauti ya redio kaseti mpaka ya kunong'ona, kisha akaibandika sikioni kama mtu anayesikiliza tumbo la mja mzito. Mimi nikiwa uani na kinu changu sikusikia neno, wala sikutaka kusikia. Akitoka huko humjui kama amesikia harusi au talaka. Huniambia tu, "Leo mawaridi tuzidishe," au, "Huu usitiwe miski kabisa." Kwani wale wanawake hawakuagiza udi peke yake. Walieleza mume alivyonuna, mkwe alivyosema, mimba iliyokataa kukaa, na katikati ya maneno hayo ndimo alimojua Bi Mwanamisi apike udi gani. Jibu alilituma kwa kaseti mpya. Ile iliyokuja aliitia katika kasha la bati chini ya kitanda, na ufunguo ukakaa kwenye pindo la leso yake.

Mwaka wa themanini na tisa akaja Mwanatabu, binti wa nduguye wa kiume. Alilelewa kwao mamake kule Kisauni, akamaliza kidato cha nne, akasomea uhazili. Msichana mwema, sitamsingizia. Lakini alikuwa na haraka ya watu waliosoma, ile ya kuingia nyumba ya mtu na kuanza kuhamisha viti.

"Shangazi, hizi kaseti zatuchelewesha," akasema siku moja, mchi bado u mkononi mwangu. "Mtu aagiza Rajabu, udi wamfikia arusi ishavunjika!"

"Na mwenzio hapa huona kaseti yafika upesi mno," Bi Mwanamisi akamjibu. "Nikiipata hata sandali sijaloweka."

"Tutumie simu. Pale dukani kwa Mwarandu kuna simu. Wapige wao, kila Ijumaa baada ya alasiri. Oda tunaipata siku hiyo hiyo."

"Simu ya Mwarandu iko juu ya meza ya duka."

"Ehe?"

"Na mbele ya meza kuna benchi."

Mwanatabu akacheka. "Shangazi bwana! Benchi lina masikio?"

Ningependa kusema kwamba Bi Mwanamisi alikataa. Hakukataa. Mpinzani wake mmoja wa Kisauni alikuwa amekwisha anza kupokea maagizo kwa simu, na wateja wawili watatu walikuwa wamehamia huko. Akakubali kwa sharti: simu apokee yeye mwenyewe. Na kwa miezi ya mwanzo ilikuwa hivyo. Alikwenda dukani na buibui lake, akasikiliza zaidi ya alivyosema, akajibu "ndiyo," "la," "nimekufahamu mwanangu," basi. Watu wa benchini waliondoka kama walivyokuja.

Maneno ya Mwanatabu yalikuwa kweli, hilo lazima nilikiri. Kazi ilizidi. Sufuria zikawa mbili, kisha tatu, tukanunua na mitungi mipya. Sasa Ijumaa alasiri sukari iko motoni na simu yalia dukani, na mtu ni mmoja. Sukari haingoji. Ndipo Mwanatabu akaanza kutumwa yeye.

Na Mwanatabu alikuwa na desturi aliyofunzwa chuoni kwao. Mtu akimpa agizo, humsomea tena lote, jina kwa jina, ili kusiwe na makosa. Kwa kazi ya ofisi, desturi njema.

Ijumaa ile nilikwenda dukani kununua sukari. Benchini alikuwa ameketi Mwanaima wa mtaa wa Shika Adabu. Mwanaima alikuwa mtu wa nyumba yetu, amekula sahani moja na Bi Mwanamisi mara zisizohesabika. Mumewe, Mohdhar, alikuwa kazini Maskati, na alikuwa akimpigia simu hapo hapo kwa Mwarandu. Mwanaima alikuwa amejipaka wanja. Kwenda kusikiliza simu, na wanja! Mwarandu akamtania, "Mama, simu hii haina macho."

"Yeye ajua nimepaka," Mwanaima akasema, tukacheka sote.

Simu ikalia. Haikuwa ya Mohdhar. Ilikuwa ya Nana, dadake Mohdhar, anaagiza udi. Mwanatabu alimjua Nana kwa jina tu, na huyu mwanamke wa benchini alimjua kwa sura, mumewe ni nani hakujua. Laini ilikuwa mbaya, yakoroma. Akatugeuzia mgongo, akaziba sikio moja kwa kidole, akapaza sauti.

"Nakusomea, bi Nana! Udi wa arusi! Ndiyo, wa arusi! Wa nyumba ya kakako Mohdhar! Bibi arusi ni mtu wa huko huko! Vikopo kumi, ambari nyingi! Ufike kabla ya mwezi wa Mfungo Sita! Ni sawa?"

Mwarandu alikuwa akimpungia mkono kama mtu anayefukuza kuku. Mwanatabu akaurudisha mkono wa simu mahali pake, akageuka, akatabasamu. "Laini za leo!" akasema.

Mwanaima alisimama. Akajifunika vizuri, akamwambia Mwarandu, "Mohdhar akipiga, mwambie sikuja." Kisha akashika njia ya Mtongwe, nami nyuma yake na sukari yangu.

Bi Mwanamisi alikuwa mbele ya sufuria. Mwanaima hakupiga hodi.

"Shikamoo, Bi Mwanamisi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona—"

"Mume wangu aoa. Udi waupika wewe."

Mwiko ukasimama. Nikajua sukari itaungua, na nikajua hataukoroga tena.

"Ulijua?" Mwanaima akauliza. "Nataka hilo tu. Kabla ya leo, ulijua?"

Angeweza kusema hakujua. Mimi mwenyewe nilikuwa tayari kuapa kwamba hakujua. Oda imekuja saa hiyo hiyo kwa simu, nani angembishia?

"Nilijua," akasema. "Tangu kaseti ya Nana ya mwezi wa Ramadhani."

"Na futari yangu ukaila."

"Nikaila. Ningekwambia wewe ya mumeo, Mwanaima, kesho ningemwambia mwenzio ya kwako. Na ya kwako ninayo."

Mwanaima akatema mate, si juu yake, chini, pale pale jikoni, akatoka. Sufuria ilikuwa inatoa moshi mweusi. Mwanatabu alipoingia nyuma yetu, jambo la kwanza alilosema ni, "Shangazi, sukari!"

Basi yakaenea. Kwa wiki nzima vijana wa dukani wakimwona Mwanatabu walikuwa wakiita, "Jamani nyamazeni, taarifa ya habari!" Yeye alilia, akarudi Kisauni kwa muda. Watu husahau aliyepaza sauti. Aliyenyamaza ndiye hawamsahau. Walisema Bi Mwanamisi ni mchawi wa ndoa, apika udi wa mke mwenza huku akimchekea mwenye mume. Nana alipiga simu kumtukana. Wale wa Dubai na Jeddah hawakutukana, walikaa kimya tu, kila mmoja akifikiria kaseti zake ziko wapi na zimesikiwa na nani. Hakuna kaseti hata moja iliyosikiwa. Wallahi, hata moja. Lakini nenda kawaambie.

Mpinzani wa Kisauni alichukua wateja wote. Miezi ikapita, miaka ikafuata, sufuria zikaingia kutu, mimi nikakitumia kinu kutwanga mchele. Mwanaima alikaa ukewenza wake mpaka akachoka, akarudi kwao. Sijapata kumwona tena mlangoni kwetu.

Mwaka wa tisini na saba, miguu ya Bi Mwanamisi ikakataa kumchukua. Mwanatabu akaja kumtazama, sasa mtu mzima, ana kazi katika ofisi moja mjini. Akaketi ukingoni mwa kitanda, na haikupita muda macho yake yakaanza kung'aa vile vile kama zamani.

"Shangazi, siku hizi kuna kompyuta. Barua yafika Maskati papo hapo, bila kupaza sauti, bila benchi. Jina lako wazee bado wanalikumbuka. Tukianza tena—"

"Nipe hilo kasha," Bi Mwanamisi akasema.

Mwanatabu akalivuta kutoka chini ya kitanda. Bi Mwanamisi akafungua pindo la leso, akampa ufunguo. Kaseti zilikuwa zimepangwa hazina hata jina moja juu yake. Alizijua mwenyewe.

"Nizitupe?"

"Kaseti iliyotupwa itaokotwa. Iliyookotwa itasikilizwa."

"Basi nizichome."

"Moto wamaliza upesi. Wewe mambo yako ya upesi nishayaona."

Mwanatabu akainama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa shangazi yake kulitaja jambo lile tangu siku ya sukari.

"Utalichukua pamoja na redio kaseti," Bi Mwanamisi akasema. "Utafunga mlango. Utaitia kaseti, ubonyeze cha kurekodi, uketi mbele yake kimya mpaka upande uishe. Kisha uigeuze, uketi tena. Kimya chako kiyafunike maneno yao, mpaka pasibaki sauti ya mtu. Kisha nyingine. Zote, moja moja. Zikiisha, ndipo uje tuzungumze habari za kompyuta."

"Shangazi, hii ni kazi ya mwaka mzima!"

"Ni kazi yako."

Mwanatabu akatoa kaseti moja, akaigeuza upande huu na huu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na nikikohoa?"

"Ukikohoa, irudishe nyuma, uanze tena."