Vidole Vyangu Vitano kwa Gauni la Wanjiru

Nikipita soko ya Litein siku hizi, kuna akina mama wa mboga wananiuliza, "Baba Wanjiru, leo mikono iko safi?" halafu wanacheka mpaka wanashika mbavu, na mimi siwezi kukasirika kwa sababu wana haki, hata ningekuwa wao ningecheka. Hii aibu niliitafuta mwenyewe, na panga yangu mwenyewe, kwa shamba yangu mwenyewe.

Kwanza mjue mimi ni mtu wa chai. Miaka ishirini na kitu niko kiwandani, kwa kile chumba majani yaliyosagwa yanakaa yapate rangi, na hakuna kitu napenda kama mgeni aniulize jani la kijani linageuka jeusi namna gani. Hapo umenipata! (Mke wangu akisikia hilo swali anaenda kuangalia ng'ombe.) Nitakuambia jani si mjinga: maji yake makali limeyaweka chumba kimoja, na vimeng'enya, wale mafundi wake wa kugeuza vitu, limewaweka chumba kingine. Mdudu akiliuma, au mashine ikilisaga, kuta zinabomoka, hivyo viwili vinakutana, hewa inaingia, na jani linajipikia dawa ya rangi ya kahawia ya kumwambia mdudu akome. Ni sisi tu tuliongeza maziwa na sukari tukasema ni tamu.

Sasa mwaka jana msichana wetu wa kwanza, Wanjiru, akapata mchumba wa Bomet anaitwa Kibet, kijana wa heshima. Mke wangu ni fundi wa nguo, na gauni ya harusi alishona mwenyewe miezi mitatu, nyeupe pe, shanga moja moja, ivaliwe na Wanjiru halafu iwekewe mdogo wake Njeri. Hata paka ilifukuzwa hiyo nyumba. Asubuhi ya harusi nikavaa suti yangu nyeupe, mke wangu akaniangalia kutoka juu mpaka chini, akasema, "Baba Wanjiru, umependeza. Sasa kaa hapo kwa kiti na usiguse kitu."

Nikakaa. Kama dakika tano hivi.

Shida ni kwamba pale kwa kiti nilikuwa naona geti, na geti ilikuwa tupu! Watu wanatoka Bomet kuchukua msichana wetu na hatujasimamisha hata mgomba mmoja? Huku kwetu hata harambee ya choo cha shule inawekewa migomba kwa geti. Nikasema wacha nikate miwili tu, ya haraka, na kubadilisha nguo nikaona ni kupoteza wakati (ndiyo, najua, nyamazeni). Nikakata, nikabeba kwa bega, utomvu ukanitiririkia shingoni, kifuani, mikononi, lakini haukuwa na rangi, ni kama maji tu, nikajipangusa na kitambaa cha mfukoni nikasema jua litakausha. Ile kusimamisha wa pili, nikasikia honi, wageni wamefika wanaimba, na furaha ikanisahaulisha kunawa. Nikakumbatia Baba Kibet. Nikakumbatia Mama Kibet, mara mbili. Halafu Wanjiru akatoka kwa mlango na ile gauni, jamani, nikashindwa, nikamkumbatia nikamwekea mkono mgongoni, nikalia kidogo. (Kidogo sana. Msiulize mke wangu.)

Kanisani tukaingia mimi na yeye, pole pole vile tulifunzwa, hatua moja, simama, hatua moja, simama. Kila tukipita watu nasikia nyuma yetu kicheko kinafinywa. Nikajua ni furaha! Nikaongeza maringo, nikapungia watu mkono kama mheshimiwa. Kufika mbele nikaona mke wangu ameziba mdomo na mikono yote miwili, nikafuata macho yake.

Mgongoni mwa gauni kulikuwa na mkono. Mkono mzima, wa kahawia, vidole vitano, na kile cha kati kifupi, kile kilikatwa na mashine kiwandani, kwa hivyo hata singeweza kusingizia mtu. Suti yangu ilikuwa kama kitambaa cha kupangusia jiko. Nikageukia wakwe: Baba Kibet ana mkono begani, Mama Kibet ana miwili.

Mama Kibet ni mchunaji wa chai, sauti yake inasikika bonde zima. Akasimama. "Mkwe," akasema, "siku tulileta mahari ulitufundisha vile jani linajitetea mpaka chakula ikapoa. Sasa hukujua mgomba nao ukikatwa unajitetea?"

Weee! Kanisa yote ikaanguka kicheko, mchungaji akajificha nyuma ya Biblia. Mimi nilitaka ardhi ipasuke. Miaka ishirini naangalia kitu hicho hicho kila siku, na kikanipita kwa shati! Lakini yote tisa, kumi ni Wanjiru, kwa sababu yeye alikuwa bado anauliza, "Ni nini? Kwani ni nini?" mpaka mtu akampiga picha ya mgongo akamwonyesha kwa simu. Akaiangalia, akaiangalia. Nikajua nimemharibia siku yake, na ya mamake, na miezi mitatu ya macho yake kwa sindano. Mke wangu tayari alikuwa anakuja na leso ya kufunika.

Wanjiru akacheka mpaka shela ikaanguka. "Wacha hiyo leso, Mum," akasema. "Sasa hata Bomet watajua mimi ni wa nani."

Hapo nililia, na si kidogo.

Gauni ilifuliwa na kila kitu, ndimu, chumvi, na sabuni ndiyo ilizidisha doa. Mke wangu siku nne aliongea na mimi kupitia kwa Njeri. Na mimi nimeapa mbele ya nyumba yangu: harusi ya Njeri ikifika nitakaa kwa kiti mpaka niitwe, na migomba ikatwe jana yake na mtu amevaa gunia.

Juzi mke wangu alitoa ile gauni afumue kile kipande cha mgongo aweke kingine. Njeri akamshika mkono.

"Usitoe, Mum. Huo upande mwingine bado uko na nafasi."