Jani Lililokatwa Temeke

Enzi zile Temeke ilikuwa mashamba zaidi ya nyumba, na mtu akisema anakwenda Bukoba, majirani walimuaga kama anakwenda kuhiji. Ni treni mpaka Mwanza, ushuke umejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, kisha ungoje meli ya ziwani. Ndiyo maana Kokushubila, tangu aolewe na Theonest, karani wa stesheni, alikuwa hajarudi kwao miaka tisa. Hakuna aliyemlaumu. Mama yake mwenyewe alikuwa akiwaambia watu kule Bukoba, “Mwanangu yuko mbali.”

Mwaka mmoja kahawa ikapata bei nzuri. Kaka yake Didas, mfanyabiashara wa kahawa, akapiga simu ya maandishi: mama mgonjwa, macho hayaoni tena, tiketi ya ndege imeshalipwa. Kokushubila akalia. Alitaka jambo moja tu, amkute mama yake yu hai.

Theonest, aliyezoea habari za treni, akajitia mjuzi wa ndege pia. “Maili mia sita na ushei,” akasema. “Unaondoka alfajiri, alasiri uko kwenu.”

Jirani yao Mwajabu, Mzaramo wa palepale, akacheka, akamgeukia Kokushubila. “Nyie watu wa stesheni mna maneno! Mama Adelard, mie nakufungia chakula cha njiani. Huko juu nani atakuuzia mihogo?”

Siku ya safari, kabla jua halijachomoza, akawa amekaanga samaki, amekata jani bichi la mgomba uani kwake na kuwafunga vizuri.

Ndani ya ndege Kokushubila hakula. Alifumba macho, akakikumbatia kile kifurushi na kusali rozari. Ndege ikatua Mwanza, ikaruka tena, na kabla hajakumbuka njaa akaambiwa wamefika.

Mama alikuwa hai! Kokushubila akapiga magoti, akamsalimu huku machozi ya furaha yakimtoka, akamwekea kifurushi mapajani. “Nimekuletea samaki wa pwani, Mama.”

Mama akakipapasa. Alikuwa amezaliwa migombani na kuzeekea migombani, na vidole vyake havikuhitaji macho. Akalikunja jani, halikupasuka. Akalinusa.

“Jani hili limekatwa leo.”

“Ndiyo, Mama. Jirani yangu amelikata asubuhi, kule Temeke. Nimekuja na ndege.”

Mama akalipapasa tena lile jani.

“Kumbe unakaa karibu hivi, mwanangu,” akasema taratibu. “Nami miaka yote nawaambia watu uko mbali.”

Kokushubila alikuwa na majibu tele: treni, meli, watoto wadogo, ndege zenyewe za wenye nazo. Yote yalikuwa kweli, lakini akafungua kifurushi, akaanza kumtolea mama miiba. Mama akala samaki, akawasifu, akamtumia Mwajabu salamu. Wiki ile ile wakamzika mama.

Siku hizi Kokushubila ni bibi. Huketi barazani Temeke akimkumbuka Mwajabu, uani kwake na harufu ya samaki wa alfajiri ile, na roho humuuma kwa utamu na uchungu pamoja. Ndege za uwanja wa Kipawa zikipita juu ya paa, wajukuu humuuliza kama Bukoba ni mbali.

“Si mbali,” huwajibu. “Haikuwa mbali hata siku moja.”