Dishi la Jirani na Ngazi ya Bibi

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hucheka peke yangu jikoni mpaka majirani wakauliza kuna nini. Kaa kidogo nikusimulie. Najua kesho unapanda nguzo kuteremsha dishi, na nyinyi vijana mkiambiwa kaa mwaona mtu mzima anawapotezea wakati. Kahawa hii hapa. Kunywa.

Wakati huo nilikuwa msichana, nimefika umri wa kuolewa, nakaa hapa hapa mtaa wa Mkomani katika nyumba ya bibi yangu, Bi Rukia. Jirani yetu, Bwana Athumani, alikuwa amerudi kutoka Arabuni na pesa kidogo na maringo mengi, akaleta dishi la televisheni. Si haya yenu ya kubandika ukutani, madogo kama sahani ya wali. Lile lilikuwa la chuma, kubwa, mtu angeweza kulala ndani yake na mkewe na ikabaki nafasi ya kugombana. Na kwa kuwa nyumba yake ni fupi na zetu zimemzunguka, alisimamisha nguzo ya chuma uani kwake, ndefu, ikapita kuta zote, akalipandisha dishi huko juu. Likakaa miaka likiota kutu na kunyewa na kunguru.

Basi madishi madogo yakaingia, Bwana Athumani naye akataka la kisasa. Akawaita mafundi wawili kutoka Siyu waje kuliteremsha lile kubwa. Mmoja akiitwa Kassimu, kijana mnene mwenye ugonjwa wa kucheka. Wa pili akiitwa Salim.

Huyu Salim lazima nikwambie ni nani, maana bila hivyo hutaelewa kwa nini roho yangu siku ile ilikuwa mkononi. Watu wake walikuwa wameleta posa kwetu. Baba ameridhika, ami zangu wameridhika, na mimi, nisiseme uongo, nilikuwa nimeridhika kabla yao wote, tangu siku niliyomwona dirishani akipita na kamba begani. Jibu lilikuwa lipelekwe siku hiyo hiyo, Ijumaa, baada ya swala. Aliyebaki ni Bibi tu. Na nyumbani kwetu wanaume walikuwa wakizungumza, lakini mwenye kuamua ni Bibi. Naye hakuwa amemtia Salim machoni hata mara moja.

Sasa sikiliza ada yetu. Hapa kwetu, mtu akitaka kupanda juu kupita ukuta wa mwenzake, awe mkwezi wa nazi au mwezekaji wa makuti, kwanza hupaza sauti: "Hodi wenye nyumba! Napanda yuu!" Halafu husubiri. Wanawake walio uani wajisitiri, mmoja wao aitike, "Haya, panda," ndipo apande. Nyua zetu hazina paa, mwanangu, na mwanamke uani kwake yuko kama alivyo. Salim alilijua hilo vizuri. Ametoka Siyu, hakutoka mwezini.

Lakini asubuhi ile alikuwa akishindana na kusi, upepo wetu wa kutoka kusini. Upepo huanza jua likipanda, na dishi kubwa likishikwa na upepo laweza kumrusha mtu pamoja na spana yake. Basi akaharakisha. Mambo ya chuma aliyafanya sawasawa, sitamsingizia. Alijifunga mkanda kwenye nguzo. Alilifunga dishi kwa kamba, akaipitisha kamba kwenye kapi, kile kigurudumu cha kamba, huko juu, na ncha ya chini akampa Kassimu. Aliligeuza dishi uso juu ili upepo usipate pa kuingilia. Akafungua nati moja baada ya moja mpaka ikabaki moja. Hodi tu ndiyo hakupiga.

Na sisi tulikuwa uani kwetu. Bibi ameketi kwenye kigoda, leso imefungwa kifuani, kichwa wazi, mimi nampaka hina nywele zote. Tangu afe babu yangu, hakuna mwanamume wa nje aliyewahi kuona nywele za Bi Rukia, na hilo alilitaja kila wiki. Akainua kichwa ili nimpake vizuri mbele ya paji. Akamwona mtu mbinguni.

"We!" Sauti ile nahisi ilifika Faza, ng'ambo ya maji. "We uliye yuu! Watazama nini?"

"Sitazami kitu, Bi mkubwa! Nafungua nati!"

"Na nati ziko kitwani mwangu?"

Mimi nikainua macho nikamtambua. Nikatamani birika la maji la uani lifunguke niingie. Bibi hakumjua, na nikasema moyoni, Yarabi, asimjue. Akimjua, posa imekwisha, na mimi nitaolewa na yule mwenye duka wa mtaa wa pili anayenuka vitunguu.

Bibi alivaa buibui juu ya hina mbichi, akanishika mkono, tukazunguka mpaka uani kwa Bwana Athumani. Mwenyewe alikuwa ametoka kwenda sokoni. Tukamkuta Kassimu ameishika kamba kwa mikono miwili, na ngazi imeegemea nguzo. Bibi akaitazama ngazi.

"Hiyo ngazi ya nani?"

Kassimu akaikaza mikono kambani. "Ya kuazima, Bi Rukia."

"Ya kuazima kwa nani?"

Ilikuwa yetu. Bwana Athumani aliichukua kwa ajili ya kupaka chokaa na hakuirudisha, kama kawaida yake. "Naitaka," akasema Bibi. "Shika huko, mwanangu." Ningefanyaje? Nikashika huko. Kassimu hakuweza kutuzuia, akiachia kamba dishi linaanguka. Alichoweza ni kucheka, na kadiri alivyocheka mikono ilizidi kulegea.

"Kassimu, usicheke!" Salim alilia huko juu. "Wallahi usicheke!"

Tulipoiweka ngazi ukutani, Bibi alitazama juu tena. "Mbona huyu amefumba mato?"

Ni kweli. Tangu ule ukelele wa kwanza, Salim alikuwa amefumba macho yote mawili, akipapasa nati kwa vidole. Amesimama juu ya vyuma viwili vya kukanyagia, kusi linaanza kuvuta shati, dishi linaning'inia kwa kamba na nati moja, naye anafanya kazi kama mtu atafutaye kiatu gizani. Ndipo nikaona mkono wake umetoka kwenye nati, umeshuka, umeshika kitu kingine na kuanza kukifungua.

Mwanangu, nilisahau posa. Nilisahau Bibi.

"Salim!" nikapiga kelele. "Salim, huo ni mkanda wako! Wajifungua mwenyewe!"

Mkono ukaganda. Kassimu akaacha kucheka. Na Bibi akanigeukia polepole, hina inamtiririka mpaka kwenye nyusi.

"Salim?" akasema. "Salim yupi?"

Machozi yalikuwa yananitoka, na yeye akayaona. Alitazama machozi yangu, akatazama nguzo, akaelewa yote. Lakini Bi Rukia hakuwa mtu wa kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja.

"Fumbua mato, mjinga we!"

"Bi mkubwa, umeshajisitiri?"

"Nimejisitiri! Fumbua usije ukatuangukia!"

"Na wale wa nyumba nyingine?"

Bibi akavuta pumzi, akaita nyumba zote zilizotuzunguka, jina kwa jina, wajisitiri kuna mjinga juu. Kila ua ukaitika. Hapo ndipo Salim alipofumbua macho, akaona mkanda umebakia tundu la mwisho, akasema "Astaghfirullah" kwa sauti ndogo kabisa, akaukaza.

Upepo ulikuwa umekwisha kuwa na nguvu, dishi likaanza kuzunguka na Kassimu akaanza kuburutwa. Bibi akaikamata kamba nyuma yake, nami nyuma ya Bibi, tukaizungusha kwenye nguzo ya jiwe ya mlango, uzito ukabebwa na jiwe badala ya sisi. Salim akatoa ile nati. Tukalegeza kamba kidogo kidogo mpaka dishi likakaa chini taratibu. Ngazi tukairudisha, safari hii Kassimu akaikalia mguuni ili isisogee. Salim akateremka, akasimama mbele ya Bibi ameinamisha kichwa.

"Wewe ndiye wa posa?"

"Ndimi, Bi mkubwa."

"Hukupiga hodi."

"Niliogopa upepo, Bi mkubwa."

"Upepo uliuogopa, mimi hukuniogopa." Akamtazama kutoka unyayo mpaka utosi. "Adabu uliiwacha tini, ukaikumbuka yuu. Huko yuu hakuna pa kuiweka. Yuu pana nafasi ya mikono miwili na mato mawili, basi. Sasa nenda kila nyumba iliyoonekana kutoka kwenye ile nguzo, ukaombe radhi. Kisha nitafikiri."

Akaenda. Kila mlango alioubisha alisema, "Niwieni radhi, nilipanda bila hodi, lakini sikuona kitu." Wengine walimsamehe, wakamlisha mahamri na halua hata akashindwa kufunga kifungo cha suruali. Bi Khadija wa nyuma yetu alikasirika kabisa. "Hukuona kitu? Nimepanda maua mwaka mzima uani, nimepaka chokaa, nawe wasema hakuna kitu?" Ikabidi aombe radhi mara ya pili kwa kutoona.

Baada ya swala, baba na ami zangu wakaja kwa Bibi, wamesikia habari na nyuso zimewaanguka. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimeliuma kwa meno. Bibi alikuwa amekwisha kuosha hina. Akasema, "Mpeni."

Baba hakuamini. "Mama, si ndiye aliyekuvunjia heshima?"

"Ndiye. Nusura afe kwa kukataa kunitazama. Ni mjinga, lakini mjinga wa namna hiyo mjukuu wangu atalala salama nyumbani kwake. Na huyu mtoto nusura ajikoseshe mume ili mtu asianguke. Wanafaana. Ila ngazi yangu asiiguse tena."

Basi nikaolewa, na mpaka leo Salim anaapa kwamba alipokubali kazi ile hakujua nguzo ilikuwa karibu na ua wetu. Mimi humwitikia tu.

Sasa sikia, mwanangu, nakupa kwa maneno yaliyonyooka. Kesho panda mapema kabla ya upepo, na ukikuta umekwisha kuvuma, rudi nyumbani, dishi halina miguu. Kamba ifunge mahali pagumu, usimpe mtu aishike mikononi, hasa mtu mwenye kucheka. Nati ya mwisho usiiguse mpaka kamba imekaza, na asiwepo mtu wala kuku chini yake. Ngazi iwe yako, uifunge juu na chini, isije ikaondoka na mwenyewe. Na kabla ya hayo yote piga hodi, usikie jibu. Huko kusubiri si kupoteza wakati. Kunakupa ruhusa ya kutazama kazi yako bila kuogopa. Kuona haya kwako kumalize miguu ikiwa ardhini. Ukishapanda, mwanangu, nakuomba kama angekuomba mama yako, fumbua macho.

Mwenyezi Mungu akupandishe salama na akuteremshe salama. Akupe mikono isiyotetemeka na majirani wenye kuitika, na kila jioni akurudishe mlangoni kwa wanaokungoja, ukitembea kwa miguu yako mwenyewe. Amin.