Mwahija na Damu Iliyokataa Kupanda

Saa moja na nusu asubuhi, Mwahija Fikirini anafuta kioo cha hadubini kwa kitambaa laini, anapiga bismillahi, kisha anainama. Ndivyo aanzavyo siku katika maabara ya zahanati moja mjini Shinyanga tangu mwaka 1963, na sasa ni 1977. Hadubini ni moja. Matone ya damu ya kutazamwa hayapungui arobaini kwa siku.

Leo moyo wake uko kwenye tone moja tu, la Makoye, mchimbaji wa almasi wa Maganzo. Wakwe wameahirisha harusi yake mara mbili, wakisema hawamtoi binti kwa mwanamume asiye na damu.

Miezi mitatu Makoye alimeza vidonge vya madini ya chuma na kula maini, na kipimo cha wekundu wa damu kikabaki gramu saba, kama nusu ya kinachotakiwa. Tabibu Valerian alikwisha kuishiwa na shauri. Hapo Mwahija akaona jambo: chembe nyeupe zilijazana, nyingine changa mno.

“Katika uboho wa mifupa zimo chembe mama, nazo huzaa nyekundu na nyeupe,” anaeleza. “Mwili ukikaa na uvimbe au maambukizo siku nyingi, huzihimiza zizae nyeupe, askari wa vita. Nyekundu husahauliwa. Hata chuma ulicholishwa hufungiwa ghalani.”

Alimwuliza Makoye anaumwa wapi. Akakana. Mwahija akamwamuru avue buti, na kwenye muundi pakaonekana kidonda kilichochimbika, kisicho na hata kitambaa.

“Ningefunga bendeji, mayu, wenzangu wangesema nimeficha jiwe,” alijitetea, akimwita mama kwa Kisukuma. “Wangenifungua kila jioni.”

“Sisi hapa hatutafuti almasi, baba,” Mwahija alimjibu. “Ungetuonyesha, ungekwisha kuoa.”

Tabibu alikisafisha kidonda, akamdunga penisilini, na kwa muda wa wiki sita kikafunga.

Sasa Makoye ameketi kwenye benchi, amekodoa macho. Mwahija anasoma kipimo, anarudia kukisoma, kisha anatamka taratibu: gramu kumi na moja na nusu. Makoye anaomba karatasi yenye mhuri akamwonyeshe baba mkwe. Mwahija anacheka, anaugonga mara mbili.

Mwenyewe ameomba nafasi ya masomo Mwanza, akajifunze kupima uboho uliotolewa ndani ya mfupa.

“Miaka kumi na minne nazipokea chembe zikiwa safarini,” anasema. “Mola akijalia, mwakani nitaziona kwao.”